Meza ya Dirishani

3 Machi

Dada Chumvi,

Nakuandikia kutoka kambi yetu ya wapima ardhi, juu ya meza yenye ramani upande mmoja na kikombe upande mwingine, kwa hiyo ukiona doa ujue ni chai. Simu sikupigii kwa sababu najua tangu ule moto sauti inakukwaruza, na mama akikushikia simu anajibu yeye kila kitu.

Nina habari. Nimepata mchumba, na amekubali. Anafanya kazi duka la dawa karibu na ofisi yetu ya upimaji. Nilikuwa naenda pale kununua dawa ya kichwa ambacho hakikuwa kinaniuma. Baba yake ni mwalimu mkuu mstaafu. Mama yake alishafariki, akalelewa na shangazi yake, mama mkali ambaye akikutazama tu unaanza kujiuliza kama shati umelipiga pasi. Wamekubali kuja mjini kwetu Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, pande mbili tukutane. Nataka tuwape chakula cha jioni mahali pa heshima. Si nyumbani. Nyumba yetu unaijua.

Wewe ndiye mpishi, migahawa ya mji huu unaijua kama kiganja chako. Nichagulie mmoja. Uwe mzuri lakini umetulia, taa zisiwe kali, na kama kuna chumba cha pembeni, vizuri zaidi.

Mdogo wako,
Mpima

9 Machi

Mpima wangu,

Nimemsomea mama barua yako mara mbili. Mara ya pili akasema niruke ile ya nyumba yetu. Hongera sana. Mama amelia, kisha akaenda kuwaambia majirani, kisha akarudi kulia tena kwa sababu majirani nao walilia.

Sasa tuje kwenye kazi. Pale karibu na benki usipeleke mtu unayemheshimu. Viti vizuri, chakula hamna. Mpishi wao anaogopa moto, kuku anatoka amepauka kama aliyepewa habari mbaya. Kwa yule mama wa kona ya soko utakula ukajilamba vidole, lakini utakaa kwenye benchi, na shangazi huyo uliyenieleza hakuzaliwa kukaa kwenye benchi. Hoteli mpya ina chumba cha bustani ambacho najua utakipenda. Usikipende. Taa zake ni hafifu kiasi kwamba hujui kama unatafuna samaki au leso.

Kwa hiyo jibu ni lile nililotaka kulikwepa: Ngazi Nyeupe. Tajiri, mwenye mgahawa ule, alinitendea alivyonitendea. Nimetoka hospitali akaniambia nirudi kazini, ila nipite mlango wa stoo, nikae nyuma nimenye vitunguu, wateja wasinione. Nikamrudishia aproni yake. Lakini jiko lile nililipanga mimi, na vijana niliowafundisha bado wako pale. Samaki wao ni wa asubuhi ile ile, nimemuuliza anayewauzia. Omba meza ya dirishani, ile inayotazama barabara. Taa zao ni kali, ndiyo, lakini giza la nini? Tunachumbia, hatuibi.

Sijakanyaga mgahawa tangu niungue. Nimekuwa nikijiuliza siku ya kwanza itakuwa ipi, na sasa naona ndiyo hii. Fundi cherehani wa jirani ameshanipima gauni la kijani. Niambie tu tuwe pale saa ngapi.

Dada yako,
Chumvi

15 Machi

Dada,

Asante kwa ushauri. Nimefikiri sana na nimeona bora nichukue kile chumba cha bustani hotelini. Usichukie, ni kwa ajili ya utulivu.

Halafu kuhusu hiyo siku. Nilikuwa nafikiri wewe upumzike. Hawa watu ni wageni, hawajakuzoea, na shangazi yule ana maswali. Sitaki mtu akuulize jambo likakuumiza. Na nyumba nayo haifai kuachwa tupu. Tutakuletea chakula. Baadaye, mambo yakishakaa sawa, nitakupeleka mwenyewe ukawasalimie, taratibu.

Najua utanielewa, wewe ndiye uliyenielewa siku zote.

Mpima

19 Machi

Kwa wifi yangu ambaye sijamwona,

Samahani kwa kukuandikia kabla hatujatambulishwa. Mimi ndiye wa duka la dawa. Mpima aliniambia kuwa wewe ni mpishi kwenye meli ya mizigo, kwamba uko baharini miezi na miezi na hutaweza kuwa nasi Jumamosi hiyo. Nilisikitika, maana kila hadithi yake ya utotoni wewe umo ndani. Anasema ulimfundisha kusoma kwa vibandiko vya mikebe jikoni.

Wiki hii mama yenu alikuja upande wetu kununua dawa yake ya presha, akajitambulisha. Tulikaa tukazungumza vizuri. Nikamwomba anwani ya meli ili nikutumie salamu. Akasema, "Andika tu mwanangu, nipe mimi. Itamfikia leo jioni."

Nimeifikiria sana hiyo bahari ambayo barua inaivuka kwa jioni moja. Sitaki kuchimba yasiyonihusu. Lakini kama kuna jambo ninalopaswa kulijua kabla sijakaa mezani na watu wenu, ningependa kulisikia kwako.

Wifi yako mtarajiwa

20 Machi

Wifi,

Karatasi hii nimeichana na kuianza upya, kwa sababu ya kwanza ilikuwa na matusi ya mdogo wangu, nawe hujaniudhi.

Siko melini. Meli yangu ina paa la bati na jirani anayefuga bata. Nilikuwa mpishi mkuu wa Ngazi Nyeupe. Bomba la gesi lilipasuka nikiwa nimeinamia jiko. Niliwatoa wenzangu wote, mimi nikawa wa mwisho. Upande wa kushoto wa uso wangu, sikio, shingo na mkono, vyote vimeungua. Jicho linaona vizuri. Mdomo umevutwa kidogo, kwa hiyo nikicheka nacheka upande mmoja, na sauti imebaki ya kukwaruza. Watu wazima wakiniona hugeuza macho haraka. Watoto huuliza, nami nawajibu, kisha wanaendelea na mchezo.

Nilikuwa sijui kuwa nimesafirishwa. Nilidhani nimeambiwa tu nilinde nyumba. Mama alijua, akanyamaza ili asimwaibishe mwanawe. Jana nilipomuuliza alikaa kitandani hakuweza hata kuvua viatu.

Sasa unajua. Sikuombi chochote. Kama unaona ni bora kwa shangazi yako nibaki baharini, niambie wazi, nitakuheshimu kwa hilo kuliko ninavyomheshimu aliyenipakia melini.

Chumvi

22 Machi

Wifi,

Mimi ndiye ninayechumbiwa, kwa hiyo nina haki ya kusema nitakula wapi. Nimemwambia Mpima sitaki bustani, nataka Ngazi Nyeupe, kwa kuwa nimesikia kwa mama yenu kwamba dada yake aliyeko baharini ndiye aliyeichagua. Akakubali shingo upande. Hajui kwamba najua.

Njoo. Baba nimemweleza habari yako yote, na kuwa unakuja. Akasema vizuri, basi. Shangazi sijamwambia, nikimwambia atajiandaa, na akijiandaa huwa mbaya zaidi.

Meza agiza wewe. Tuko sita, wewe ukiwemo.

Wifi yako

23 Machi

Kwa Mwenye Mgahawa wa Ngazi Nyeupe,

Naomba meza ya watu sita, Jumamosi hii, saa moja jioni. Meza ya dirishani. Ni mkutano wa familia mbili kwa ajili ya uchumba. Mmoja wa hao sita ni mimi.

Aliyekuwa mpishi wako mkuu

24 Machi

Kwa Mpishi Mkuu wetu wa zamani,

Tumepokea maombi yako kwa furaha na tunaipongeza familia. Kwa heshima ya shughuli yenyewe, tumewatengea chumba cha nyuma, chenye utulivu wa kutosha na mlango wake wa pembeni kupitia stoo, ambao wewe unaufahamu. Meza ya dirishani haitafaa. Jumamosi wateja ni wengi, wengine huja na familia. Nasema haya kwa kukujali: macho ya watu hayana adabu.

Wako katika huduma,
Mwenye Mgahawa

25 Machi

Tajiri,

Kama macho ya watu hayana adabu, hao wenye macho ndio uwapeleke chumba cha nyuma.

Mlango wa stoo naufahamu, ndiyo. Ndio niliotolewa nikiwa nimefunikwa blanketi. Sitaupita tena. Jumamosi saa moja nitapanda ngazi zako za mbele, nikiwa na mama yangu na gauni la kijani. Meza ikiwa wazi, nitakaa. Ikiwa umempa mtu mwingine, nitasubiri nikiwa nimesimama pale pale mlangoni, na kila mteja anayeingia nitamkaribisha mimi mwenyewe, kwa sauti hii hii.

Samaki wawe wabichi.

Chumvi

1 Aprili

Dada,

Ungeniambia. Hilo tu, ungeniambia. Nimesimama na wakwe zangu dirishani, nageuka, nakuona unapanda ngazi hata mtandio hujajitanda. Nilikuwa nimewaandaa watu kwa jioni moja, wewe ukawaletea nyingine.

Shangazi aliondoka chakula hakijaisha. Mchumba wangu hanijibu tangu Jumamosi. Kazini wananiuliza imekuwaje. Umetaka mji ukuone, basi umekuona. Mimi nilikuwa na jioni moja tu, na hiyo hiyo umeichukua.

Na usinianze na lile jibu nililompa shangazi. Mtu akiulizwa ghafla, hutoa lililo karibu na ulimi. Ni kweli ulikuwa mpishi pale. Sikusema uongo.

Mpima

4 Aprili

Wifi yangu,

Nimekaa na kalamu siku kadhaa. Nataka niandike nilivyoona mimi, kwa sababu nasikia kila mtu anaisimulia kivyake, na shangazi yangu anaisimulia vibaya kuliko wote.

Ulipoingia, mgahawa mzima ulikugeukia, nikasikia kijiko cha mtu kinagonga sahani. Mhudumu mmoja alikukimbilia, nikadhani anakuzuia, kumbe anakushika mkono, alikuwa analia. Ndipo yule Tajiri akatoka na tabasamu lake, akainama sikioni pako. Sikusikia alichosema. Nilisikia ulichojibu, na nadhani hata wapita njia walisikia: "Nimekuja kula. Sikuja kuomba kazi." Ukavuta kiti ukakaa pale pale dirishani.

Shangazi akamgeukia Mpima. "Huyu ni nani?"

Naye akasema, huku anaikunja leso, "Alikuwa mpishi hapa."

Nilikuwa nakutazama wewe, sikumtazama yeye. Hukushtuka. Ulichukua glasi ya maji ukanywa. Mimi ndiye niliyetamani kuwa baharini.

Na kabla sijafungua mdomo, mama yenu akasimama. Mwanamke mfupi vile, sikujua anaweza kusimama hivyo. Akasema, "Huyu ni binti yangu wa kwanza. Nimemzaa kabla ya huyu anayekunja leso." Akaketi, akaomba chumvi.

Baba yangu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Miaka yake yote ya ualimu nimemwona akifanya hivyo kabla ya kuamua jambo. Akakuuliza, "Wewe ndiye uliyetuchagulia mahali hapa?" Ukasema ndiyo. "Basi tuagizie, binti yangu. Mimi ni mgeni." Ukatuagizia wote, na ukarudisha supu jikoni kwa sababu imepoa, na ikaja nyingine inafuka moshi. Shangazi akasema kichwa kinamuuma, akaondoka. Hakuna aliyemsindikiza, nami sijutii. Baba alikula samaki hadi akawa anazungumza na miiba.

Jana nilimrudishia Mpima pete. Sikumwambia hapana. Nilimwambia akae nayo, kwa sababu sijui mtu wa kuivalia ni yupi. Kama siku moja nitaugua, nikanyauka, nikapoteza akili, atawaambia watu niko meli gani?

Wifi yako, kama bado unaniita hivyo

8 Aprili

Mpima,

Unasema hukusema uongo. Muuza samaki naye hasemi uongo anapompanga samaki ubavu mzima ukiwa juu.

Nimekusikiliza. Sasa nisikilize. Sikukuambia kwa sababu nawe hukuniambia kuwa nimeajiriwa melini. Tumelingana hapo. Lakini jioni ile sikuichukua. Niliketi kwenye kiti changu, cha dada mkubwa, ambacho ulikuwa umekiondoa mezani. Kama jioni yako ilikuwa inasimama kwa mguu wa kutokuwepo kwangu, basi ilikuwa imeshaanguka kabla sijapanda hata ngazi moja.

Uliniandikia ukasema hutaki mtu aniulize jambo likaniumiza. Nimeulizwa na kila mtu. Nimeulizwa na watoto, na wauza mboga, na mzee mmoja aliyedhani nimelaaniwa. Hakuna swali lililoniumiza. Kilichoniumiza ni jibu, nalo lilitoka kwako.

Nilikusamehe ulipokuwa hukai nami barazani siku zile za mwanzo. Nilisema kijana anaogopa, atazoea. Nilikusamehe ulipohamia kambini ukawa huji hata sikukuu. Nimekuwa nakusamehe kabla hujaomba, na naona ndivyo nilivyokuharibu. Safari hii sitakusamehe kwa mkopo.

Uso wangu siufichi tena. Siufichi kwa ajili ya Tajiri, wala shangazi wa mtu, wala wewe. Uzoee usizoee, ndio uliopo. Ule mtandio nimemkatia mama vitambaa vya kufutia vyombo.

Wala usinitume kwa mchumba wako. Sitamsemea mtu mwenye ulimi wake.

Chumvi

20 Aprili

Dada,

Nilikwenda kwa shangazi yake. Hakuna aliyenituma. Mchumba wangu hakujua, na nimemwomba shangazi asimwambie, ingawa sidhani kama yule mama anaweza kukaa na neno.

Nilimkuta anachambua mchele barazani. Hakunikaribisha kiti, nikasema nikiwa nimesimama. Nikamwambia: yule uliyemuuliza ni dada yangu, tumbo moja. Mama akiwa kazini yeye ndiye aliyekuwa ananipikia, ananiogesha, ananipiga. Nikamwambia nilisema yuko melini kwa sababu niliogopa mkinitazama mtamwona yeye.

Akauliza, "Mbona hukusema mezani?"

Nikasema, "Nilikuogopa wewe."

Akachambua mchele wake kidogo. Akasema, "Mimi naogopesha, ni kweli. Lakini mama yako mbona hakuogopa?" Kisha akaniambia niende zangu, na kwamba bado hanipendi. Nadhani amesema kweli.

Sijui kama inatosha. Najua haitoshi. Naogopa kuja nyumbani na naogopa kutokuja. Niambie nifanye nini.

Mpima

24 Aprili

Mpima,

Haitoshi. Lakini ni hatua uliyopiga kwa miguu yako mwenyewe.

Sikuambii la kufanya. Mlango wa kabati la jikoni umeng'oka bawaba, na mama anakuulizia kila Jumapili kisha anajifanya hakuulizia. Ukija, hutaletewa chakula chumbani kwako kama mgeni. Utakaa nami jikoni, upande huu wa kushoto, na utanitazama ninapozungumza.

Chumvi

5 Mei

Wifi,

Nakuita hivyo nikitaka, si mpaka pete iseme.

Amekuja. Alifika na bawaba mfukoni, akatengeneza kabati, vibaya, mlango sasa unafunguka kwa juu tu. Kisha akaketi. Mwanzoni alikuwa ananitazama kama anayetazama jua. Nikaendelea kupika, nikaendelea kuongea. Kufika wakati wa kula alikuwa ananibishia kuhusu pilipili, na anayebishana nawe kuhusu pilipili huwa amesahau uso wako. Alipoondoka alilia langoni, kule majirani wanakoona. Sikumbembeleza. Nilimshikia mfuko wake tu.

Hilo sikuandikii ili umrudishie kidole cha pete. Wewe ndiye utakayelala na kuamka naye, na woga wake utakuwa wako pia. Ukimkubali, mkubali ukimjua. Ukimkataa, mkataaji awe wewe, usije ukasema ni kwa ajili ya dada yake aliyeungua. Sitaki kuwa sababu ya ndoa ya mtu kuvunjika kama nisivyotaka kuwa sababu ya mtu kuninunulia soda kwa huruma.

Tajiri ameniandikia tena. Anasema watu wameulizia "yule mpishi", anataka nirudi, na safari hii nipite mlango wowote nipendao. Nimemjibu kwamba nafikiria, na wakati nafikiria aandike bei yangu mpya kwenye karatasi nzuri. Atasubiri kidogo. Mimi nilisubiri zaidi.

Lakini wewe na mimi hatujawahi kula pamoja bila vita. Mkabala na mahakama wamefungua mgahawa mdogo, nimeshaupitia na kuonja. Mchuzi wao ni wa mtu anayejua, na meza zimepangwa nje, kandokando ya barabara, mchana kweupe. Mawakili, washitakiwa na wauza magazeti wote wanapita hapo. Njoo Jumatano, saa ya chakula cha mchana. Njoo hata kama umeamua kuwa hutakuwa wifi yangu.

Nitatangulia kufika. Hutahitaji kunitafuta, nitakaa mbele.

Chumvi